Ukinunua jeti ya modeli Nakuru au Kisumu, anza na bawa

Mtu anaponunua jeti yake ya kwanza, yaani ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio, huangalia rangi, halafu ukubwa wa feni, halafu bei. Bawa halimshughulishi, ilhali ndilo litakaloamua kama ndege itamaliza mwezi ikiwa nzima. Hapa nimezipanga jeti za feni ya umeme kwa umbo la bawa, kuanzia linalosamehe hadi lisilosamehe kabisa, nikiwafikiria wanaorusha Nakuru, Kisumu, Eldoret na upande huu wote wa nchi.

Nasema upande huu kwa sababu hewa yetu ni nyepesi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130, na Eldoret imepita 2,000. Mchana wa nyuzi 27, hewa ya Nakuru ina uzito wa karibu asilimia 77 tu ya hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Chukua jeti ya kilo 3 yenye bawa la desimita za mraba 30, yaani gramu 100 kwa kila desimita. Katika hewa ile nzito itastoli, yaani bawa litaacha kuibeba, ikishuka hadi kama kilomita 46 kwa saa. Nakuru itastoli kwenye 52. Ukiilaza digrii 60 kwenye kona bila kupoteza kimo, kasi hiyo inapanda kwa asilimia 41, kwa hiyo kwenye 73 tayari uko hatarini. Feni nayo inasukuma hewa hiyo hiyo nyepesi, basi nguvu ya kukutoa hapo imepungua pia.

Ndege hustoli bawa linapoinuliwa pembe kali mno, hewa ya mgongoni ikaachana nalo na mwinuko, ile nguvu inayoibeba ndege, ukaanguka. Upande mmoja ukitangulia huku ndege imepinda, spini inaanza: ndege inaanguka huku ikizunguka. Kwenye ndege ya propela, ukiongeza throto, yaani nguvu ya mota, upepo unapuliza mabawa na mkia papo hapo. Feni ya jeti imejificha tumboni, inachelewa kushika kasi, na mkia unategemea mwendo wa ndege peke yake. Ndiyo maana ninasisitiza bawa kuliko kitu kingine chochote.

Nafasi ya kwanza naipa jeti yenye bawa nyoofu, au lililopungua upana kidogo tu kuelekea nchani, lenye ukingo wa mbele wa mviringo. Humu kuna jeti za michezo kama Viper ya milimita 70 ya E-flite, na jeti za mafunzo kama L-39 Albatros. Bawa la namna hii huanza kustoli kwenye shina, karibu na mwili, huku ncha zikiendelea kubeba. Eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoilaza ndege kushoto au kulia, ziko huko nchani, kwa hiyo bado unaitawala ndege wakati pua inaanza kudondoka. Inashuka kwa kuinamisha pua, unaachia eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua), inaokota kasi, mnaendelea. Kwa mtu anayetoka kwenye ndege ya propela ya mafunzo, sioni sababu ya kununua kitu kingine.

Ukipata nafasi ya kulishika bawa kabla ya kulipia, lilete usawa wa jicho na utazame kutoka nchani kuelekea shinani. Ukingo wa nyuma wa ncha unapaswa kuonekana umepanda kidogo kuliko wa shina, digrii 2 au 3. Msokoto huo unaifanya ncha ikutane na hewa kwa pembe ndogo, hivyo istoli mwisho. Ukiona umesokotwa kinyume, au upande wa kushoto haufanani na wa kulia, irudishe hapo hapo. Foamu iliyokaa vibaya kwenye kontena au kwenye buti la gari lililoanikwa juani hupinda, na mabawa yasiyolingana ndiyo yanayozaa spini. Kisha pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mbele. Ukiwa mkali kama ubao uliochongwa, jeti hiyo itastoli ghafla bila kukuonya.

Ya pili naiweka delta, kama Mirage 2000, na najua wapo watakaobisha. Delta ikiinuliwa pembe kali hutengeneza mikondo ya hewa inayozunguka juu ya mabawa, na mikondo hiyo inaendelea kubeba ndege pale bawa la kawaida lingekuwa limeshaacha. Haiangushi ncha kirahisi. Tatizo lake ni kuzama: pua iko juu, ndege imetulia kabisa, na inashuka kama lifti. Tena haina eleveta ya mkiani. Ili kuinua pua, ukingo wa nyuma wa bawa lenyewe unapanda na kula mwinuko. Delta hutuliwa ikiwa na throto, na inataka nafasi ndefu. Kwenye uwanda wa Kano karibu na Kisumu, ambako ardhi ni tambarare na unaona mbali, ni ndege tamu sana. Kwenye kiwanja cha shule kilichozungukwa na mikalitusi, hapana.

Zinafuata F-16, F/A-18 na nyingine zenye vipande vya bawa vinavyotambaa mbele kando ya pua. Vipande hivyo hufanya kazi inayofanana na ya delta, na modeli nyingi za aina hii hutulia vizuri. Ila huwa nzito. Piga hesabu ya gramu kwa desimita kabla ya kuvutiwa na picha.

Bawa lililorudi nyuma kidogo, kama la Hawk au Me 262, ni la mwaka wa pili. Sina mengi ya kuongeza hapo.

F-86 Sabre na MiG-15 ndizo zinazowaliza watu. Mabawa yao yamerudi nyuma kwa digrii 35. Hewa huteleza kuelekea nchani, ncha zinachoka kwanza, na kwa kuwa zimekaa nyuma ya kitovu cha uzito, mwinuko ukipotea huko pua inapanda yenyewe na stoli inakomaa. Ndege halisi zilipewa dawa: MiG-15 ina vizuizi viwili juu ya kila bawa, na Sabre za mwanzo zilikuwa na vibao vya ukingo wa mbele vinavyofunguka vyenyewe. Kwenye modeli vibao hivyo mara nyingi ni mchoro tu kwenye foamu. Tena ncha nyembamba ya modeli hustoli mapema kuliko ya ndege halisi, maana bawa dogo kwenye mwendo mdogo haliishiki hewa vizuri. Kona ya mwisho kabla ya kutua ndiyo makaburi yake: upepo uko mgongoni, ndege inaonekana ina kasi, rubani anavuta eleveta akaze kona, bawa la ndani linadondoka, na kimo cha kujiokoa hakipo.

Mwisho kabisa naziweka F-104 na F-5. F-5 inaniuma kuiweka hapa, kwa sababu ndiyo jeti ya Jeshi la Anga la Kenya na kila mtu anataka kuirusha. Lakini bawa lake ni dogo na jembamba. Ukiipenda, tafuta yenye flepu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) na gramu chache kwa desimita, na uirushe baada ya kuizoea ile L-39.

Flepu nazihesabu kuwa lazima kwa jeti yoyote utakayoirusha Nakuru. Zikiteremka karibu na mwili, shina linapata pembe kubwa kuliko ncha, sawa na kuongeza msokoto. Jairo, kifaa kinachoisawazisha ndege chenyewe, ni nzuri kwenye upepo, ila isikulaghai: bawa likianza kudondoka, inateremsha eleroni ya upande huo ili kuliinua, na hapo inaizidishia ncha pembe iliyokwisha kuilemea. Betri isogezwe mbele hadi kitovu cha uzito kifike alama ya kitabu, hata mbele yake kidogo kwa safari za kwanza. Jeti nzito mkiani ikiingia spini ni vigumu sana kuitoa.

Ikiingia, punguza throto, rudisha eleroni katikati, peleka usukani wa mkia kinyume cha mzunguko, sukuma eleveta mbele. Yajaribu haya juu sana, asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza Kisumu.

Na kabla ya kuagiza kutoka nje, zungumza na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kibali na mahali unaporuhusiwa kurusha. Uulize pia kama muuzaji anatuma betri za lipo (lithiamu polima). Mashirika mengi ya ndege yana masharti makali kuhusu betri hizo, na jeti inaweza kufika ikakaa wiki ikizisubiri.