Mpira wenye mstari mwekundu: nimeujaribu kwenye meza ya puli ya baa, Isevya, Tabora

Mimi ni seremala hapa Tabora. Kazi yangu ni kuchungulia ubao wa mninga kwa jicho moja na kusema umepinda wapi, na huwa sikosei. Ndiyo maana iliniuma kwamba nikiupiga mpira mweupe moja kwa moja hadi ukingo wa mbali, haurudi kwenye ncha ya fimbo. Unarudi kushoto kwangu, kiganja kizima.

Nikaagiza seti ya mazoezi ya snuka, ndugu yake puli anayechezwa kwenye meza kubwa zaidi, kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo. Shilingi 48,000, ikaja na basi, imefungwa solotepu kila upande kama mzigo wa dagaa. Ndani mna mpira mweupe uliozungushiwa mstari mwekundu, karatasi ya plastiki yenye mistari ya kupangia fimbo, na vidude viwili vya kusimamisha mezani kama geti ili mpira upite katikati.

Nianze na mpira, maana ndio uliostahili hela. Unauweka mstari ukiwa wima, umeelekea kule unakopiga. Ukiugonga katikati, mstari unabaki umetulia muda wote mpira unapobingirika, utadhani umechorwa hewani. Ukiugonga pembeni hata kidogo, mstari unayumba kama rimu ya baiskeli iliyoingia shimoni. Hapo hakuna ubishi. Kabla ya siku hiyo nilishailaumu fimbo, nikailaumu na meza. Nilikwenda mchana baa ikiwa tupu, nikaweka pima maji kila kona. Meza imelala sawasawa, dada wa kaunta ni shahidi. Kumbe ni mimi. Katika mapigo kumi, mstari uliyumba mara nane. Nilikuwa naugonga mpira kushoto, nauzungusha bila kukusudia, na mzunguko huo ndio unaoupeleka kushoto ukishagusa ukingo.

Ila mpira unakwambia umekosea, haukwambii kwa nini. Sababu aliiona kijana wangu wa karakana. Alisimama upande wa pili wa meza, akachuchumaa, akasema, "Fundi, mkono hauna shida. Kichwa ndicho umekiweka kama unachungulia mbao." Kweli. Miaka yote hii nimezoea kuinamisha shingo hadi jicho la kulia likae juu ya kitu. Lakini kwenye fimbo unaacha macho yote mawili wazi, na jicho linaloongoza, yaani lile unalolengea zaidi, kwangu ni la kushoto. Kulijua ni rahisi: unganisha viganja uache tundu dogo, tazama msumari ukutani kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Ukifumba lile linaloongoza, msumari unapotea. Nimesogeza kidevu kidogo tu, fimbo sasa inapita chini ya jicho la kushoto, na mstari unayumba mara tatu katika kumi.

Sasa kasoro, na hii ya kwanza izingatieni. Mpira wa snuka una kipenyo cha milimita 52.5. Meza nyingi za baa zinatambua mpira mweupe kwa ukubwa: mweupe wao ni mdogo kuliko mingine, ndiyo maana ukiingia shimoni unarudishwa kwa njia yake. Wangu ni mkubwa. Pigo la tatu ukatumbukia, meza ikaumeza pamoja na ile ya rangi, nikalazimika kununua tokeni ili nikomboe mpira wangu mwenyewe. Siku hizi naziba mashimo kwa matambara. Halafu ni mzito kuliko mweupe wa pale, kwa hiyo usijifunzie nguvu ya kupiga kwa mpira huu. Jifunzie unyoofu tu.

Maelekezo yenyewe ni ya meza ya snuka ya futi 12. Yanasema weka mpira kwenye alama ya mpira wa kahawia, upige upite juu ya alama za mipira ya bluu, pinki na nyeusi hadi ukingoni, urudi ulikotoka. Sisi tuna futi 7 na alama hizo hatuna. Nilinyoosha uzi wa kushonea kutoka ukingo hadi ukingo, nikaubana kwa solotepu. Unatosha kabisa.

Karatasi ya plastiki sikuipenda. Imekunjwa njiani na mikunjo haitoki, mpira unarukaruka. Geti ni pana mno, hata mkokoteni ungepita. Chaki mbili zinafanya kazi nzuri zaidi kwa sababu unazisogeza upendavyo. Na kunyoosha mkono hakuhitaji hela: laza chupa tupu ya soda juu ya meza ya nyumbani, ingiza ncha ya fimbo mdomoni na kuitoa bila kugusa kioo. Ikilia, umepinda.

Kwa mipira ya pembeni, yaani ile ya kupiga kwa pembe, seti hii haina msaada wowote. Hapo bado natumia kipimo changu: nikielekeza fimbo kwenye ukingo wa mpira ninaoulenga, unagongwa nusu na kuchepuka kama nyuzi 30. Hiyo seremala yeyote anaijua kwa macho.

Nimempigia muuzaji kumuuliza kama anauza mpira peke yake, maana kijana wangu naye anautaka. Akajibu seti ni seti. Ile karatasi ya plastiki naitandika chini ninapopaka gundi.