Meza ya poka hapa Kampala: watu hawafoldi, ila makato yanauma

Mlioniuliza kuhusu ile meza ya poka kwenye kasino moja hapa mjini (jina naliacha, wachezaji mtaijua tu), mimi naipa nyota tatu na nusu. Ni meza tamu kwa mtu anayependa kufukuzia karata (kulipa huku akingoja karata anayoikosa) maana jamaa wa pale hawafoldi jamani, yaani hawatupi karata zao, mtu ana peya ya sita (sita mbili tu) anakufuata mpaka karata ya tano.

Cheki hii ya juzi. Nina nane na tisa za kopa, flopu (karata tatu za kwanza za mezani) inaleta kopa mbili na mfalme wa pau, nabakiza kopa moja kufikisha tano za kushindia, poti (hela yote iliyowekwa mezani) ina 90,000. Mzee mmoja anaweka 20,000, jamaa mfanyabiashara wa soko la Kikuubo anareizi (anapandisha dau) mpaka 60,000, zamu yangu. Yaani nalipa 60,000 kugombea 170,000, lazima nishinde kama mara 26 kwa 100 ndo nisile hasara, na kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 47 ambazo sijaziona, karata inayofuata inanipa asilimia 19 tu. Kwa hesabu kavu unatupa. Ila jamaa ana zaidi ya laki nne mbele yake na kuachia hajui, kopa ikianguka atalipa tu, basi nikakoli (nikalipa). Hizo 60,000 zingekuwa ndo chipu zake zote na mzee katoka, napo nakoli roho safi, karata mbili zote naziona bila kuongeza hata mia, na hapo nafika asilimia 35. Wa kumkimbia ni aliyebakiza kama elfu 80, huyo karata ya nne anasukuma zote bei inakuwa mbaya, na hata ukipata hana cha kukufidia. Halafu kumbuka nane na tisa sio ree, kuna siku kopa inakuja na mwenzako anayo kubwa zaidi!

Sasa makato. Wanakata asilimia 5 ya poti na kikomo hawakitaji, kwa hiyo ile 26 yangu inakuwa 27 na ushee, na kwa mtu wa kufukuzia karata hako kamoja ndo faida yenyewe. Hapo nimetoa nyota nzima.

Madila (wagawa karata) wana spidi na wana adabu, lakini ukiomba kuona poti dila anakuangalia tu. Sawa ssebo (bwana), kwenye nolimiti (poka isiyo na kikomo cha dau) sio kazi yako kuihesabu, ila si uitandaze basi niione? Chipu zimerundikana kama mihogo sokoni halafu unaniharakisha niamue.

Mlangoni beba kitambulisho, chini ya miaka 25 huingii, ndo sheria ya Uganda. Ijumaa nenda mapema, viti vinajaa, na uende umeshakula maana kuku wao bei yake nayo ni reizi.