Klarineti na wenzake wanne: rekodi za kununua, na za kuacha rafuni

Mwezi uliopita nilinunua kitu ambacho tayari ninacho. Kava jipya, picha ya machweo, maandishi makubwa ya "toleo maalumu", nami kwa uroho wangu nikalipa. Nikaweka CD, nikakaa. Tulipofika sehemu ya pili ya muziki wa Brahms, mtunzi wa Kijerumani, mpiga klarineti (ala ndefu ya mbao ya kupuliza) akavuta pumzi kabla ya kupanda, na pumzi ile nikaitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha baba yake chumba cha pili. Ni rekodi ileile niliyo nayo miaka nenda miaka rudi, yenye kava la kijivu. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudishwi.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeuandika na hasira kidogo, mtanisamehe.

Nitashika kwinteti mbili tu, yaani muziki wa wapigaji watano, maana ndizo karibu kila mtu huanzia. Ya mtunzi Mozart, K. 581 (namba yake katika orodha ya kazi zake), aliikamilisha Septemba 1789 kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler, mpiga klarineti. Ya Brahms, Opus 115 (yaani kazi namba 115), ni ya mwaka 1891. Mzee yule alikuwa ameshaona kazi ya kutunga imemtosha, mpaka alipomsikia Richard Mühlfeld wa okestra ya mji wa Meiningen, Ujerumani, akipuliza klarineti. Zote mbili ni klarineti moja, na ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na selo, na mara nyingi huuzwa pamoja kwenye CD moja.

Nani ana vidole vyepesi na nani ana sauti tamu, hayo sitayagusa. Mtu hafiki studio bila vidole. Mimi nauliza swali moja ambalo wengi hawaliulizi: klarineti imekaa wapi? Humu hakuna mwimbaji mbele na waitikiaji nyuma. Ni watu watano wanazungumza. Lakini kwa kuwa jina kubwa kwenye kava ni la mpiga klarineti, fundi mitambo humsogezea kipaza sauti karibu na midomo. Matokeo yake unasikia vifuniko vya matundu vikigonga tak, tak, tak, huku fidla zikisikika kama majirani waliorudisha mlango.

Kipimo changu hakigharimu kitu. Nenda sehemu ya tatu ya Mozart, ile minueti, yenye mwendo wa dansi. Ina trio mbili, yaani vipande vya katikati, na katika ile ya kwanza klarineti hunyamaza kabisa. Wanabaki wapiga nyuzi wanne peke yao. Usiguse kitufe cha sauti, sikiliza tu trio inapoanza. Fidla zikikua ghafla, kana kwamba mtu amefungua dirisha, ujue fundi alikuwa amezibana muda wote ili bwana mkubwa asikike. Hiyo usinunue. Kwenye rekodi safi fidla hubaki palepale kwenye viti vyao, na unahisi kabisa kwamba mtu wa tano bado yumo chumbani, ameweka klarineti mapajani anawasikiliza wenzake.

Kwa Brahms ni rahisi zaidi. Fidla mbili huanza, kisha klarineti huingia kutoka chini ikipanda taratibu. Ukishtuka ilipoingia, fundi ameshaharibu. Inatakiwa uje kugundua kwamba ipo wakati imeshakuwepo.

Sasa orodha. Namba moja kwangu ni mpiga klarineti Thea King na kwarteti (kundi la wapiga nyuzi wanne) ya Gabrieli, lebo ya Hyperion, yaani kampuni iliyoitoa. Ndiyo, mimi ni mtu wa Hyperion, sifichi, na hakuna aliyenilipa. Katika Brahms yake klarineti inazama ndani ya nyuzi na kuibuka bila kumsukuma mtu, hasa kwenye ile Adagio, sehemu ya pili ya mwendo wa polepole, ambamo nyuzi zimewekewa vizuia sauti. CD hiyohiyo ina pia Trio ya Opus 114 ya Brahms, na hiyo ni kazi kamili ya wapigaji watatu. Mozart wake ni CD nyingine, na humo anatumia klarineti ya baseti, ndefu kidogo na yenye noti kadhaa za chini zaidi kuliko ya kawaida. Stadler alikuwa na chombo cha namna hiyo. Muswada wa Mozart umepotea, na kilichochapishwa ni nakala iliyorekebishwa kwa klarineti ya kawaida, kwa hiyo sentensi za muziki zilizotakiwa kushuka hadi sakafuni hugeuzwa juu katikati ya ngazi. Ukishamsikia King akishuka mpaka mwisho, zile nyingine zinaanza kukukera. Zamani Hyperion hawakupatikana kwenye huduma za kutiririsha muziki. Tangu waliponunuliwa na Universal, kampuni kubwa ya muziki, mwaka 2023 wameanza kuingia. Sikiliza huko, fanya kipimo cha trio, ndipo ununue.

Namba mbili, Gervase de Peyer na Melos Ensemble, EMI, miaka ya 1960. Zipo zote, Mozart na Brahms. Hawa walizoea kupiga pamoja kama kikundi, na hilo linasikika: hakuna mgeni mwalikwa hapa.

Namba tatu itawashangaza wengine: Reginald Kell na kwarteti ya Busch, Brahms, 1937. Mchakacho wa santuri upo, na klarineti ya Kell hutetema kwa namna ambayo wapenzi wa upigaji wa Kijerumani, wanaotaka sauti isiyotetema, hawaivumilii. Lakini enzi hizo muziki ulichongwa moja kwa moja kwenye nta. Hapakuwa na kanda ya kuunga wala ya kuchanganya baadaye. Hakuna aliyepata nafasi ya kuja kesho yake kumpandisha huyu na kumshusha yule. Waliokuwa chumbani walipimana kwa masikio yao wenyewe.

Namba nne, Karl Leister na kwarteti ya Amadeus, Brahms, Deutsche Grammophon. Safi mno. Huwa naisifu kuliko ninavyoisikiliza.

Za bei ya chini: József Balogh na kwarteti ya Danubius, Naxos. Haina aibu.

Na sasa wauzaji. Yale makasha ya "klarineti ya kutuliza akili" yanauza Larghetto ya Mozart, ile sehemu ya pili ya polepole, peke yake, imekatwa na kuwekwa baina ya vipande vya watu wengine, na huoni jina la mpigaji hata kwa darubini. Anayeficha jina la mpigaji anataka ununue mara mbili. Faili la kupakua nalo, lisilo na plastiki, karatasi wala kijitabu, mara nyingine linauzwa bei karibu sawa na CD. Nani ananufaika hapo?

Kabla hujalipa, geuza kava, tafuta herufi P ndani ya duara. Mwaka ulio kando yake ni wa sauti. Ule wa herufi C ni wa kava na maandishi. Hata P inaweza kuwa mpya rekodi ya zamani ikisafishwa upya, kwa hiyo tafuta pia tarehe na mahali pa kurekodia, kwa herufi ndogo. Yangu ile ya machweo ilikuwa na yote hayo, chini ya stika ya bei.