Kufungua mabano au kanuni ya mnyororo?

Chukua y = (3x + 2)², tutafute derivativi yake, yaani kasi ya y kubadilika x inapobadilika. Ukifungua mabano kwanza unapata 9x² + 12x + 4, kisha kanuni ya kipeo (xⁿ inakuwa nxⁿ⁻¹) inakupa 18x + 12. Ukitumia kanuni ya mnyororo, unashusha kipeo, 2(3x + 2), halafu unazidisha kwa 3, yaani derivativi ya kilichomo ndani ya mabano. Jibu ni lilelile. Hiyo 3 ndiyo wanafunzi wengi wanayoisahau, na inaniuma kuona alama zikipotea hapo.

Kwa kipeo cha 2, anayeanza afungue tu mabano. Kikiwa 7 je? Utaandika sehemu 8 zenye namba kubwa, wakati mnyororo unamaliza kwa mstari mmoja: 21(3x + 2)⁶. Na kwa √(3x + 2), hakuna cha kufungua.