Kuongeza RAM na hifadhi katika Korg Kronos: kipi kinunuliwe kwanza

Mtu anayekifungua kinanda cha Korg Kronos kwa mara ya kwanza hushangaa kukuta vitu anavyovijua. Chini ya kifuniko pana ubao mama wa kompyuta, kichakato cha Intel Atom, vipande vya RAM (kumbukumbu ya muda), na diski ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka) iliyounganishwa kwa waya wa SATA. Mfumo endeshi wenyewe ni Linux iliyorekebishwa ili sauti itoke mara kidole kinapogusa. Hivyo ndivyo kilivyokuwa tangu kilipotangazwa Januari 2011, na mtangulizi wake, OASYS ya 2005, alikuwa amejengwa juu ya Pentium 4. Kwa kuwa ni kompyuta, mwenye nacho huanza kuwaza kama mwenye kompyuta: niongeze RAM, niweke diski kubwa, kitachapa kazi zaidi. Wazo hilo ni sahihi nusu tu, na nusu isiyo sahihi ndiyo inayokula fedha.

RAM haiongezi idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja, wala haiboreshi sauti ya piano iliyomo, kwa sababu hayo yanaamuliwa na kichakato na programu. Kazi ya RAM katika Kronos ni kubeba mfumo endeshi, maktaba za sauti za kiwandani zilizochaguliwa kupakiwa humo, na sampuli, yaani vipande vya sauti halisi, ulizorekodi au kuziingiza mwenyewe. Vitu hivi vitatu vinagombea nafasi moja. Maktaba moja ikipakiwa, nafasi ya sampuli zako inapungua, na ndiyo maana wamiliki wawili wenye vinanda vya aina moja wanaweza kuona tarakimu tofauti kabisa kwenye skrini.

Diski nayo haikai pembeni ikisubiri kuitwa, kwani Kronos ina mbinu ambayo Korg huiita VMT: mwanzo wa kila sampuli huwekwa kwenye RAM, na sehemu iliyobaki husomwa moja kwa moja kutoka kwenye SSD noti inapoendelea kulia. Piano za injini ya SGX-1 (sehemu ya programu inayozalisha sauti za piano), ile ya Kijerumani na ile ya Kijapani, zinafanya kazi kwa njia hiyo, na bila hiyo zisingeingia kwenye RAM ya kinanda hiki hata ungeiondolea kila kitu kingine. Toleo la 2.0 la mfumo endeshi, lililotoka 2012, liliwafungulia watumiaji mlango huo kwa kuleta benki za sampuli za mtumiaji (makundi ya sampuli anazoziweka mwenyewe), nazo zinaweza kusomwa kutoka kwenye diski kwa mbinu hiyo hiyo. Tangu siku hiyo uzito wa mizani ulihamia upande wa diski, na mpangilio wa mwongozo huu unatokana na hilo. Ikiwa kinanda chako bado kina toleo la kwanza, kisasishe kabla ya kununua chochote. Programu mpya hutolewa na Korg bila malipo.

Kabla ya orodha: mahali pa kuweka nakala

Hili silipi namba kwa sababu halina mshindani. Nunua flashi mbili za kampuni inayojulikana au diski ndogo ya nje ya USB, uiandae kwa mfumo wa FAT32, kisha uhifadhi humo programu zako zote (yaani sauti ulizoziunda), mipangilio, nyimbo na sampuli. Milango ya USB ya Kronos ni ya kizazi cha 2.0, kwa hiyo usilipie kasi ambayo haitaonekana, na ukumbuke kwamba FAT32 haikubali faili moja kufikia GB 4. Andika pia kwenye karatasi namba ya utambulisho wa kinanda inayoonekana kwenye skrini pamoja na misimbo ya maktaba ulizonunua, kwa kuwa idhini ya maktaba hizo imefungwa kwenye kinanda chenyewe na utaombwa misimbo hiyo ukilazimika kuanza upya. Diski za kurejesha mfumo zilizokuja na kinanda nazo zitafutwe mapema. Aliyenunua Kronos iliyotumika mara nyingi hakupewa, na hugundua hivyo siku ambayo SSD imekufa.

Namba 1: SSD ya pili ya inchi 2.5

Hiki ndicho kifaa ninachokipendekeza kwa karibu kila mmiliki. Kronos ya kwanza ilitoka na SSD ya GB 30, na Kronos X ya 2012 ikaja na GB 62, sehemu kubwa ikiwa imekwisha kujazwa na maktaba za kiwandani. Ukiongeza diski ya pili, ile ya asili unaiacha ilivyo, na kazi yote ya majaribio unaihamishia kwenye diski mpya. Mambo yakiharibika unaichomoa, na kinanda kinawaka kama kilivyotoka kiwandani. Faida hiyo ya usalama naithamini kuliko hata nafasi yenyewe.

Ukubwa unaofaa ni GB 240 au 250. Hesabu yake si ngumu: Kronos hurekodi sampuli kwa biti 16 na kHz 48, na kwa kiwango hicho dakika moja ya sauti ya stereo huchukua takriban MB 11.5. GB 100 pekee zinabeba zaidi ya saa 140 za sauti ya stereo, muda ambao mwanamuziki hatamaliza kuukata na kuupanga katika maisha ya kawaida ya kazi. GB 120 zinamtosha mpiga kinanda wa jukwaani. TB 1 ni fedha iliyolala, isipokuwa labda kwa anayerekodi nyimbo nzima kwa wingi kwenye njia 16 za sauti za kinanda hiki na hapendi kuzihamisha.

Kuhusu kasi, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Milango ya SATA ya ubao mama wa Kronos za kwanza ni ya gigabiti 3 kwa sekunde, maana yake kilele chake hakifiki hata MB 300 kwa sekunde, ilhali SSD za SATA za leo zinatangazwa kwa MB 500 na zaidi. Diski ya bei ya kati na ya bei ya juu zitasomeka karibu sawa. Kwa hiyo tofauti unayoilipia iwe ya uimara na dhamana, na kwa msingi huo ningeanza na Samsung 870 EVO au Crucial MX500, zote mbili zikianzia GB 250. Kingston A400 ni chaguo la kubana matumizi, nayo hupatikana hata kwa GB 120. SSD za NVMe zenye umbo la kijiti ziache, kwa sababu ubao huo hauna mahali pa kuzichomeka, na adapta za kubahatisha hazina nafasi katika chombo kinachopanda jukwaani.

Nunua pia waya wa data wa SATA na kigawanyio cha waya wa umeme siku hiyo hiyo. Wengi hukumbuka vitu hivi viwili wakati kinanda kimekwisha kufunguliwa mezani.

Bandia ni nyingi. Iwe unanunua mtandaoni, Kariakoo au Luthuli Avenue, SSD uichomeke kwanza kwenye kompyuta kwa kifaa cha USB na uipime kwa programu ya H2testw, au F3 kwa wanaotumia Linux, ambazo hujaza diski nzima kisha husoma upya kilichoandikwa. Diski inayojidai kuwa na GB 240 huku ndani ina 32 itaumbuka hapo, kabla hujagusa skrubu hata moja.

Namba 2: kubadili SSD ya asili

Chaguo hili linapanda hadi namba 1 kwa mwenye Kronos ya 2011 au 2012 ambayo imeanza kuchelewa kuwaka kupita kawaida yake, au kutoa ujumbe wa hitilafu inaposoma maktaba. Kuwaka kwa zaidi ya dakika mbili peke yake si ugonjwa, ndivyo kilivyo. Linalotia shaka ni muda huo kurefuka mwezi hadi mwezi.

Ukiamua, njia ya heri ni kunakili diski nzima sekta kwa sekta kwenye kompyuta nyingine wakati ile ya zamani bado inasomeka, kisha kuiweka nakala mahali pake. Windows haitatambua sehemu za diski hiyo na huenda ikajitolea kuziumbiza (kuziandaa upya kwa kufuta yaliyomo), kataa. Tumia programu ya kunakili inayoshughulika na diski nzima bila kujali yaliyomo. Nafasi inayozidi kwenye diski mpya haitajitokeza yenyewe baada ya kunakili, kwa hiyo usinunue kubwa kwa tamaa hiyo. Diski ya asili iliyotolewa iwekwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli na ihifadhiwe hata kama imechoka.

Namba 3: RAM

RAM imeshuka hadi hapa kwa sababu ya dari yake. Kronos ya kwanza ilikuwa na GB 2, Kronos X ikatoka na GB 3, na hiyo 3 ndiyo shabaha ya mwenye kinanda cha kwanza. Mfumo endeshi wake ni wa biti 32, nao hauwezi kutumia kumbukumbu bila kikomo. Anayechomeka GB 4 asitarajie kuziona zote. Unapata GB 1 ya ziada basi, na inakufaa endapo unapakia maktaba kadhaa za kiwandani kwa pamoja au unarekodi sampuli ndefu moja kwa moja kwenye RAM. Ambaye tayari ana Kronos X hana sababu ya kununua.

Ugumu uko kwenye aina. Kronos zenye kichakato cha Atom D510 hutumia DDR2 ya kompyuta ya mezani, yenye pini 240. Bao za Intel za kizazi kilichofuata, zenye Atom D525, hutumia DDR3 fupi ya kompyuta mpakato, yenye pini 204. Kipande cha aina moja hakiingii kwenye soketi ya nyingine hata kwa nguvu, na jina lililochapwa mgongoni mwa kinanda si kitambulisho cha kutegemea, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha ubao mama katikati ya uzalishaji. Fungua, tazama, piga picha ya kibandiko cha RAM iliyomo, funga, ndipo uende dukani. Mimi nilifanya kinyume chake na bado ninacho kipande kisichofaa kwenye droo.

Kuna mtego mwingine kwa wanunuzi wa DDR2 mtandaoni. Vipande vya GB 4 vya bei ya kutupa vinavyoandikwa kuwa ni vya AMD havifanyi kazi kwenye bao za Intel. Kwa Kronos tafuta kipande cha GB 1 au 2, cha MHz 667 au 800, kisicho cha seva.

Visivyostahili kununuliwa

Diski ngumu ya kuzunguka isikushawishi kwa ukubwa wake. Kichwa chake huhitaji milisekunde kadhaa kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine, wakati VMT inadai makumi ya vipande vya sampuli kutoka pande zote za diski kwa wakati mmoja; mpiga kinanda akishika kodi nzito (noti nyingi kwa pamoja) huku kanyagio cha kurefusha sauti kimebanwa, diski inaachwa nyuma. Ongeza joto, mtikisiko wa safari na mlio wake studioni.

Diski ya nje ya USB nayo ni ya nakala, haichukui nafasi ya SSD ya ndani. Sampuli za kusomwa papo hapo zinatakiwa ziwe ndani ya kinanda.

Wenye vinanda vingine

Orodha hii isihamishiwe kwingine bila kufikiri. Yamaha Motif XS na Roland Fantom-G hupokea RAM hadi GB 1, nayo husahau kila kitu umeme ukizimwa, hivyo huko RAM ndiyo ununuzi wa kwanza na sampuli hupakiwa upya kila unapowasha. Motif XF ya 2010 ilitatua kero hiyo kwa kadi za flashi za FL512M na FL1024M, mbili kwa pamoja zikifikia GB 2, na sampuli hubaki humo. Korg Nautilus ya 2020 ina injini zile zile tisa za Kronos na SSD ya GB 60. Kama ingali katika dhamana, usiifungue.

Siku ya kufunga

Chomoa waya wa umeme, si kuzima tu, na uguse chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika ubao. Panga skrubu kwa mpangilio ulizozitoa, maana hazilingani urefu. Diski mpya iandaliwe ndani ya kinanda chenyewe kupitia ukurasa wa diski, na uhakikishe mara mbili kwamba uliyoichagua ni ya pili wala si ya mfumo. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kazi hii na kila usasishaji ufanyike kinanda kikiwa kwenye UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), kwani kukatika katikati ya kuandika kunaweza kuharibu yaliyomo. Baada ya hapo hamishia benki moja ya sampuli kwenye diski mpya, iweke katika orodha ya kujipakia wakati wa kuwaka, na upige kwa saa nzima ukitumia kodi nene na kanyagio. Ikiwa hakuna noti iliyokatika, kirudishe kifuniko chake.