Miezi kumi na ala ngumu ya bastola kiunoni: uzoefu wangu hapa Houston

Ala ya kwanza niliyoinunua, yaani mfuko wa kuvalia bastola kiunoni, ilikuwa ya kitambaa cha nailoni, iligharimu dola 18, na niliitumia kwa wiki sita kabla sijaanza kuiogopa kuliko nilivyowaogopa majambazi. Hii ninayoieleza hapa ni ya pili, ya plastiki ngumu aina ya Kydex, iliyofinyangwa kufuata umbo la bastola moja tu, na nimekuwa nikiivaa kwa miezi kumi sasa. Jina la mtengenezaji naliacha, kwa kuwa zipo nyingi za namna hii na nina lawama moja juu yake nitakayoitaja mbele.

Ninaendesha duka dogo lililo ndani ya kituo cha mafuta kusini magharibi mwa Houston, jimboni Texas, na mara nne kwa wiki ni mimi ninayefunga saa sita usiku. Nimezaliwa Tanga, ambako silaha ya pekee niliyowahi kuiona kwa karibu utotoni ilikuwa bunduki ya mlinzi wa benki, ambayo mzee yule aliiegemea kama mkongojo. Sikuja huku na mazoea ya bastola, na nadhani ugeni huo ulinisaidia, kwa sababu ilinibidi niulize kila kitu, hata mambo ambayo wenyeji huona aibu kuyauliza.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, sheria ya Texas inamruhusu mtu mwenye miaka 21 au zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola bila leseni. Hata hivyo nilichukua leseni. Ada yake kwa serikali ya jimbo ni dola 40, darasa ni la saa chache, na mtihani wa shabaha ni risasi 50 kutoka umbali wa yadi 3, 7 na 15, ambapo anayepata pointi 175 kati ya 250 amefaulu. Mtihani huo si mgumu, na kwa maoni yangu haugusi jambo lenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu unapima kama mtu anaweza kutoboa karatasi, wala haumtaki aonyeshe kwamba anaweza kuirudisha bastola kiunoni bila kujipiga paja. Bahati yangu ni kwamba mkufunzi aliyetufundisha, mzee mmoja mwenye sauti ya chini, alitumia karibu saa nzima kwenye hilo hilo. Alitukaririsha kwanza zile kanuni nne zilizoenezwa na Jeff Cooper, askari wa zamani wa jeshi la Marekani aliyeanzisha shule ya shabaha huko Arizona mwaka 1976: ichukulie kila silaha kuwa imejazwa risasi, usiielekeze kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza, kidole kisiguse triga (kifyatulio) mpaka uwe umelenga, na ujue unacholenga pamoja na kilicho nyuma yake. Kisha akasema kwamba mtu akibeba silaha kiunoni, kanuni ya pili huwa ngumu kuliko zote, kwa sababu mtutu unaelekea mwili wake mwenyewe kutwa nzima.

Hapo ndipo ala inapokuwa kifaa cha usalama. Bastola yangu ni Glock 19, ambayo magazini yake ya kawaida, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, hubeba risasi 15 na ambayo ikijazwa huwa na uzito wa karibu gramu 850. Haina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Kinga zake tatu zimejengwa katika mtambo wenyewe: kilimi kidogo katikati ya triga, kizuizi cha pini inayogonga risasi, na kinga ya kuanguka, na zote tatu huachia mfululizo pindi triga inapovutwa mpaka mwisho. Bastola ya namna hiyo ikidondoka haitarajiwi kulia, lakini haina njia ya kujua kama kilichoivuta triga ni kidole, funguo za gari au pindo la shati. Uzito wa kuivuta triga yenyewe ni karibu kilo mbili na nusu, na kitambaa kilichokunjamana, kikisukumwa na mkono wa mtu mwenye haraka, hufikisha nguvu hiyo bila taabu.

Mimi nililijua hilo alfajiri moja ya Januari. Nilikuwa nimetoka kuichukua silaha kwenye kisanduku chenye kufuli ndani ya gari, nimevaa jaketi lenye kamba kiunoni, ile yenye kirungu cha plastiki mwishoni cha kukazia, na kwa uvivu nikaamua kuirudisha bastola kwenye ala nikiwa bado nimekaa kitini. Mdomo wa ala ya nailoni hulala pindi bastola inapotoka, kwa hiyo nililazimika kuupanua kwa vidole vya mkono wa kushoto, ambavyo kwa muda huo vilikuwa mbele ya mtutu. Nilisukuma taratibu nikahisi kitu kikizuia, si kwa nguvu, ni kama mtu anapofunga droo na soksi imebaki pembeni. Mkufunzi alikuwa ametuambia kwamba ukihisi chochote kinazuia usisukume, simama. Nikasimamisha mkono, nikaitoa bastola, nikawasha taa ya dari. Kile kirungu kilikuwa kimeingia ndani ya pete inayoizunguka triga, kimekaa mbele yake pale pale ambapo kidole hukaa. Nilibaki mle garini muda mrefu, na duka lilichelewa kufunguliwa.

Usiku huo, nyumbani, nilifanya jaribio ambalo ningemsihi kila mwenye ala ya aina yoyote alifanye. Nilitoa magazini, nikavuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, nikaitazama chemba, tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kuigusa kwa kidole kuhakikisha ni tupu, risasi zote nikazipeleka chumba kingine, kisha nikavuta slaidi tena ili mtambo ukae tayari na kuitia bastola katika ala. Halafu nikabonyeza kwa kidole gumba nje ya kitambaa, mahali triga ilipo. Nilibonyeza mara ya kwanza, nikabonyeza ya pili, na mara ya tatu nikasikia *tak*. Pini imegonga. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniuliza, "Baba Nuru, huo mlio ndio wenyewe?" Nikamwambia ndio wenyewe.

Ala hii mpya iligharimu dola 75. Nilipoifanyia jaribio lile lile, gumba langu liliuma na triga haikusogea, kwa sababu plastiki imeifunika pete yote pande zote mbili na haibonyei. Mdomo wake hubaki wazi bastola ikiwa nje, kwa hiyo mkono wa kushoto hauna kazi ya kufanya karibu na mtutu. Bastola ikifika mahali pake hutoa mlio mfupi unaosikika na kuhisika kiganjani, nami nikiigeuza juu chini na kuitikisa, ikiwa tupu, haidondoki. Ipo skrubu ya kukaza au kulegeza mshiko huo. Mimi niliikaza nusu mzunguko na kuiacha.

Ubora wake ambao sikuutarajia uko kwenye kibanio. Kibanio hicho hushika mkanda kwa nguvu lakini hufunguka kwa kidole, hivyo nikitaka kuvua silaha siitoi bastola katika ala, bali naichomoa ala yote ikiwa na bastola ndani, triga ikiwa imefunikwa, nami naiweka hivyo hivyo katika kasiki. Asubuhi naivaa hivyo hivyo. Kwa siku nyingi za juma silaha yangu haitoki katika plastiki yake hata mara moja, na ninaamini jambo hilo limenipunguzia hatari kuliko mazoezi yote ya shabaha, kwa kuwa ajali hizi hutokea zaidi mtu anapoitoa, anapoirudisha, anapoisafisha au anapoionyesha kwa rafiki. Faida nyingine ni ya risasi zenyewe. Nilikuwa na tabia ya kutoa risasi ya chemba kila usiku na kuirudisha asubuhi. Kumbe risasi moja ikiingizwa chembani mara nyingi, kichwa chake huweza kuzama ndani ya ganda, na msukumo wa baruti ukazidi kiasi kilichokusudiwa. Nilipolinganisha yangu na mpya kutoka boksini, niliona kwa macho kuwa imefupika.

Sasa lawama. Mwezi wa tatu nilisikia ala ikicheza kiunoni, na nilipoikagua nikakuta skrubu moja kati ya mbili zinazoshika kibanio haipo. Niliikuta ndani ya mashine ya kufulia. Mtengenezaji angeweza kuitia gundi ya kushikiza skrubu kiwandani, gharama yake ni senti. Mimi nimeitia mwenyewe, ile ya buluu inayoachia kwa bisibisi, na sasa huzikagua kila Jumapili. Pia katika joto la Houston la Julai na Agosti plastiki hii hainyonyi jasho, inakugandia mwilini, na ukingo wake wa juu ulinichubua nyonga mpaka nilipoanza kuvaa fulana ya ndani. Na usiinunue bila mkanda unaofaa. Mkanda wangu wa kawaida wa ngozi laini ulijikunja, bastola ikainama nje, na kila nilipoinama kupanga makopo ya rafu ya chini, umbo lake lilijichora kwenye shati. Mkanda mgumu ulinigharimu dola 55 zaidi, na kwa haki inafaa kuuhesabu katika bei ya ala.

Muuzaji alinishawishi niivae mbele, karibu na kitovu, akisema hufichika vizuri zaidi. Ni kweli hufichika. Nilipokaa nayo kwenye gari kwa siku mbili, nikitambua mtutu unaelekea wapi na mishipa gani mikubwa ya damu hupita hapo, niliihamishia upande wa kulia, nyuma kidogo ya nyonga. Wapo wajuzi wanaoibeba mbele kwa miaka bila tatizo, sibishani nao, ila mimi nakaa garini saa nyingi.

Kuna jambo la msalani ambalo hakuna tangazo linalolitaja. Suruali ikishuka, bastola hushuka nayo, na ala yenye mshiko hafifu itaiangusha sakafuni, mbele ya macho ya mtu wa chumba cha jirani. Wengine huitundika kwenye ndoano ya mlango kwa pete ya triga, tendo ambalo sina neno la adabu la kulieleza, na wengine huiweka juu ya kisanduku cha karatasi za chooni kisha wakaondoka bila nayo. Mimi huiacha ndani ya ala, naikalisha katikati ya suruali iliyokunjwa baina ya miguu, mahali ambapo siwezi kusimama bila kuikuta.

Ala haimalizi kila kitu. Nina binti wa miaka tisa, na hapa Texas ni kosa la jinai kumwachia mtoto chini ya miaka 17 mwanya wa kuifikia silaha iliyojazwa kwa uzembe wa mwenye silaha. Bastola ama iko mwilini mwangu ama iko ndani ya kasiki yenye vitufe iliyofungwa kwa boliti. Juu ya friji, chini ya mto na ndani ya droo hapana. Vilevile lazima ujifunze kusoma milango. Bango la 30.06, linaloitwa kwa namba ya kifungu chake cha sheria, lenye maneno ya Kiingereza na Kihispania kwa herufi zisizopungua inchi moja, humkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa, na lile lenye tarakimu 51 kubwa nyekundu lipo kwenye baa, nalo hukataza vilevile. Shuleni na mahakamani usijaribu kabisa. Ijumaa siibebi: sitaki kusujudu huku nikifikiria kibanio, na sipendi kuiacha garini nje ya msikiti, kwa sababu wezi wa huku wanajua kabisa kwamba watu huacha bastola magarini. Na askari akinisimamisha barabarani, naweka mikono juu ya usukani, namwambia kwa utulivu kwamba nina leseni na bastola iko upande gani, kisha nasubiri anielekeze kabla sijagusa pochi.

Naipa ala hii nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibakiza ni ya skrubu. Kijana wa Lubumbashi anayenisaidia dukani, ambaye naye ameanza kubeba, aliniona na hii mpya akaniuliza, "Mzee, ile ya zamani unaifanyia nini? Unipe basi." Nilimwambia aje nayo bastola yake Jumapili, ikiwa tupu, tuifanyie jaribio la gumba kwenye ala aliyo nayo. Ile ya nailoni niliikata kwa mkasi vipande viwili kabla sijaitupa, asije akaiokota.