DaVinci Resolve ya bure kwa wapiga video wa Mwanza: sauti na picha zinakwenda pamoja?

Ukiediti harusi za Nyakato, kwaya za Nyegezi au ngoma za Bujora, mengi ya programu unaweza kuyasamehe: rangi, maandishi ya mbwembwe, hata menyu ngumu. Bibi harusi akijibu "nakubali" na sauti ifike baada ya mdomo kufunga, hilo mteja hakusamehei. DaVinci Resolve, programu ya kuediti video ya Blackmagic Design, toleo la bure, katika jambo hili tunaipa alama nzuri, ila inakunyima onyo pale unapolihitaji zaidi.

Kabla ya kuilaumu, tenganisha mambo mawili: sauti inayopishana kwenye kioo cha programu tu, na sauti iliyopishana kweli ndani ya faili. Nenda mwisho wa taimulaini (mstari unaopangia klipu), toa dakika moja ya mwisho kama faili ya video, uifungue kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ukiwa na spika au hedfoni za waya. Ikiwa sawa, faili haina kosa, kompyuta ndiyo imelemewa. Ikipishana na humo, tatizo liko kwenye malighafi. Mtu asiyefanya jaribio hili husogeza klipu kwa saa nzima akirekebisha kitu kisicho na kasoro, kisha anaikuta kazi imeharibika baada ya kuitoa.

Kompyuta ikilemewa, tazama namba ya fremu juu ya kioo cha kuchezea. Kidoti kikiwa chekundu na namba ikashuka hadi 14 au 18 kwenye taimulaini ya fremu 25 kwa sekunde, usiamini midomo unayoiona hapo. Bonyeza vidoti vitatu kwenye kona ya kioo na uhakikishe "Show All Video Frames" haina tiki. Ikiwa na tiki, programu inalazimisha kila fremu ionekane na sauti ndiyo inayoumia. Bila tiki inaruka fremu ili sauti isikatike, na hicho ndicho unachotaka unapokagua midomo. Baada ya hapo ingia menyu ya Playback ushushe ubora wa kuchezea hadi nusu au robo. Bado inakwama? Chagua klipu zote, bofya kulia, "Generate Proxy Media". Nakala hizo nyepesi (proksi) za muundo wa DNxHR LB wa 1080p hula takriban gigabaiti 16 kwa kila saa ya picha, na ukizitengeneza kwa nusu ya ukubwa zinapungua sana. Ziweke kwenye SSD. Diski ya kuzunguka ya USB yenyewe inaweza kuwa ndiyo chanzo cha kukwama.

Sasa tuje kwenye simu, maana huko ndiko kesi nyingi zinakotoka. Shangazi amerekodi kwa simu, binamu naye, na mwenye sherehe anataka vyote viingie. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Ukumbi ukiwa na giza, simu huacha kila fremu ikae muda mrefu zaidi ili ipate mwanga, na fremu 30 kwa sekunde zinashuka hadi 24 au chini ya hapo, kisha zinapanda taa zikiwaka. Sauti yenyewe inakwenda kwa mwendo uleule. Programu ya kuediti inapenda fremu zilizopangwa kwa nafasi sawa, kwa hiyo klipu inaanza vizuri na kufika dakika ya ishirini MC anaongea huku mdomo umefungwa.

Na hapa ndipo Resolve inapotuudhi: inaipokea klipu hiyo kimya. Shotcut, programu nyingine ya kuediti ya bure isiyo na nusu ya sifa za Resolve, inakutolea ujumbe kwamba faili ina fremu zinazobadilika na inajitolea kuibadilisha papo hapo. Resolve inakuacha ugundue mwenyewe usiku wa kukabidhi kazi.

Kwa hiyo kila klipu ya simu ipitishe kwanza MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili. Ukikuta "Frame rate mode: Variable", ipeleke HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video. Kwenye Video weka Framerate 30, chagua "Constant Framerate", ubora RF 18. Kwenye Audio weka sampuli 48 kHz. Kisha ndiyo uiingize Resolve. Lifanye kabla ya kukata chochote, kwa sababu ukibadilisha faili katikati ya kazi mikato yako haitakaa pale ulipoiacha.

Kwa rekoda iliyochomekwa kwenye mikisa ya kanisa, Resolve inang'ara. Chagua video na sauti kwenye Media Pool, bofya kulia, "Auto Sync Audio", uchague kulinganisha kwa mawimbi ya sauti. Inachukua muda mfupi na inapata, mradi kamera ilikuwa na maikrofoni yake imewashwa. Ila kuna mtego ambao hauonekani mpaka uwe na ngoma. Sauti hewani huenda kama mita 345 kwa sekunde kwenye joto letu. Kamera ikiwa mita 35 kutoka jukwaani, maikrofoni yake inausikia mdundo milisekunde 100 baada ya lenzi kuuona. Programu inalinganisha rekoda na sauti hiyo iliyochelewa, basi na sauti safi ya mikisa nayo inachelewa vilevile. Kwenye bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, inakutoa aibu: fimbo imeshagusa ngozi ya ngoma na kuinuka, ndipo "du" inapofika. Kwa fremu 25, fremu moja ni milisekunde 40, hivyo isogeze sauti kushoto, isikike mapema, kwa fremu mbili au tatu. Ukitaka nusu fremu, nenda Fairlight, ukurasa wa sauti wa Resolve, zima sumaku ya kunasa, vuta karibu na usogeze kwa mkono.

Pendekezo la ITU-R BT.1359, la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, linasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, ila ikichelewa hagundui mpaka ifike karibu 125. Ukibaki na shaka kati ya fremu mbili, chagua ile inayochelewesha sauti.

Ibada ya saa mbili ina shida nyingine. Saa ya ndani ya rekoda na ya kamera hazilingani kikamilifu, na mwisho wa ibada unaweza kukuta sauti imepishana na picha kwa fremu kadhaa. Usinyooshe sauti nzima. Kata kwenye kimya, baada ya sala au kati ya nyimbo, usogeze kipande fremu moja moja. Tofauti ikiwa kubwa, kama sekunde 3.6 kwa saa, usiihangaikie rekoda: hiyo ni video ya fremu 29.97 kwa sekunde iliyosomwa kama 30. Fungua "Clip Attributes" urudishe namba yake halisi.

Weka mradi kwenye 25 kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, maana baada ya hapo Resolve inaifunga namba hiyo. Ukishachelewa, tengeneza taimulaini mpya, toa tiki ya "Use Project Settings", uiweke 25 humo. Kamera nazo ziwe 25 na shata 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na taa za ukumbi hazitacheza.

Hedfoni za Bluetooth zisitumike kukagua midomo kabisa, nyingi huchelewesha sauti milisekunde 150 hadi 250. Mteja akilalamika kwamba kwenye televisheni yake sauti imepishana, mwambie aifungue VLC kwenye kompyuta na abonyeze J au K. Kila mbonyezo unasogeza sauti milisekunde 50. Ikiwa sawa bila kubonyeza chochote, televisheni yake inachakata picha mno, azime vikorombwezo vya picha.

Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 na kadi ya picha ya ndani itateseka na Resolve hata ukitumia proksi. Mwenye mashine hiyo atumie Shotcut. Kuanzia gigabaiti 16 na kadi ya picha inayojitegemea, pakua Resolve, na usinunue Studio, toleo la kulipia la dola 295, ukidhani itakuponyea klipu za simu: HandBrake ndiyo inayoziponya, nayo ni ya bure.